Maji ya Omieri

Mwaka 1987 nyanya yangu alimlilia nyoka. Sisi tunamwita Dani, na Dani si mtu wa kulia ovyo. Lakini anasema habari ya Omieri ilipofika, alikaa jikoni akalia kama aliyefiwa.

Kama hujakulia pande za Nyanza, huenda jina hilo halikuambii kitu. Omieri ni jina wanalompa chatu mkubwa anayejitokeza Nyakach, karibu na Ziwa Victoria. Kwa wazee wa huko, huyo si nyoka wa kupigwa mawe. Akija, wanasema, mvua nayo iko njiani na mavuno yatakuwa mazuri. Kwa hivyo anaachwa apumzike, na wapo wanaompelekea kuku, hadi aamue mwenyewe kuondoka.

Mwaka huo moto wa kichakani ulimpata, akaungua vibaya. Habari ikafika magazetini, na mwishowe akapelekwa Nairobi kutibiwa. Hakurudi. Alifia huko.

Nikiwa chuo nilikuwa naicheka hadithi hii. Kisha karo ikaisha nikiwa mwaka wa pili, nikaacha masomo, nikapata kibarua mahali wanapofuga nyoka wa kuonyesha wageni. Kazi yangu ilikuwa maji, basi. Kila asubuhi mwaga ya jana, sugua bakuli, jaza mengine. Ukipata nyoka amejisaidia ndani ya bakuli, na hilo hutokea sana, unarudia hata mchana. Niliona kama adhabu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote pale.

Chatu hanywi kwa ule ulimi wa ncha mbili. Huo ni wa kunusa. Anatumbukiza mdomo, anatulia tuli, unaona tu mashavu yakicheza kidogo. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walieleza kinachoendelea: ndani ya taya la chini kuna mikunjo laini inayofyonza maji kama sponji, halafu misuli inayakamua kuelekea kooni. Bakuli lenyewe liwe zito asilipindue, na pana kiasi cha yeye kujikunja ndani, kwa sababu chatu hupenda kulala majini.

Pole pole nikajifunza kusoma kiu. Ngozi inakunjamana kama shati ambalo halijapigwa pasi. Macho yanazama. Mkojo wa nyoka hutoka kama chokaa nyeupe. Ukiwa mgumu na wa manjano, jua maji hayatoshi. Halafu kuna siku ya kujivua gamba. Nyoka mwenye maji mwilini hulivua lote zima, kama soksi, pamoja na vifuniko vya macho, maana hana kope. Mwenye kiu hubaki na viraka. Usivibandue kwa kucha! Unampa maji ya vuguvugu yasiyofika kichwani ajilaze, unakaa hapo umwangalie, unasubiri. Na usidhani dawa ni kulowesha kila kitu. Akilalia majimaji siku nyingi, ngozi ya tumbo hufanya malengelenge na kuanza kuoza.

Nilimpigia Dani kumweleza haya yote kwa fahari. Akacheka.

"Nyakwara, umeenda Nairobi kuambiwa chatu ni wa maji?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Chatu wa Afrika hupenda mito, madimbwi na vinamasi, na anaweza kujificha majini ametoa pua tu. Sidai kwamba analeta mvua. Lakini wazee waliomtaja pamoja na mvua walikuwa wamemtazama kwa muda mrefu kuliko mimi na bakuli langu.

Kisha ikaja Julai, ile baridi ya Nairobi. Usiku mmoja nilimhurumia chatu wetu jike, nikaishusha taa yake ya joto. Taa haikuwa na wavu wa kuikinga. Nilijua, lakini nikaona ni usiku mmoja tu. Nyoka anaweza kulalia joto linalomuunguza asiondoke, na hilo sikulijua. Asubuhi nilimkuta mgongo umebadilika rangi, magamba yameinuka, majimaji yanatoka.

Daktari wa mifugo hakunigombeza. Alisema tu, "Ngozi ya nyoka ndiyo mtungi wake. Huu umetoboka." Akanieleza kwamba magamba na mafuta yaliyo kwenye ngozi ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasipotee. Ikiungua, maji yanavuja nje na viini vinaingia ndani. Bakuli hata lijae vipi, haliwezi kufidia. Alimdunga maji kwa sindano, akasafisha kidonda, akaanza dawa, akaagiza alazwe juu ya karatasi safi. Alipona, lakini kovu lilibaki.

Nilipomwambia Dani, safari hii hakucheka. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kwa hivyo Omieri alikufa na kiu," akasema.

Sikuwa na jibu.

Mwaka 2003, nikiwa mtoto, chatu mwingine alijitokeza Wasare, huko huko Nyakach, akiwa na mayai. Mjadala ukazuka. Wengine waliogopea watoto na mifugo, wakataka ahamishwe. Wengine wakasema aachwe, na Dani alikuwa kati ya hao. Zamani niliona ni ushamba. Siku hizi nakumbuka kwamba chatu jike huyazungushia mayai mwili wake na hali kitu mpaka yaanguliwe, na kwamba Dani alishaona mmoja akipelekwa mjini.

Marafiki zangu hapa mtaani huniuliza watapata wapi nyoka wa kufuga kwa nyumba. Nawaambia kwanza kuna sheria ya wanyamapori ya 2013, na bila kibali hufugi mnyamapori. Halafu nawauliza: ukienda ushago Krismasi, nani atabadilisha maji? Na taa yako ina wavu?

Wengi hubadilisha mada.