Miraa ya Laare na Anga Isiyojibu

Mkulima wa Laare, katika Kaunti ya Meru, anayekwea mti wa miraa kabla ya jua kuchomoza anashindana na saa. Kathinoni, kemikali inayomfanya mchanaji akeshe, hufifia siku mbili hivi baada ya kijiti kukatwa. Ndiyo maana mabunda huviringishwa kwa majani ya mgomba yasinyauke, na ndiyo maana magari ya miraa hukimbizwa kwa kasi ya kutisha kwenye barabara ya takriban kilomita 300 hadi Nairobi. Mzigo hupitia mtaa wa Eastleigh jijini humo, na alfajiri ndege huwa tayari Uwanja wa Wilson. Igembe nzima, eneo ilimo Laare, inaijua safari hiyo hadi hapo. Kilichofuata angani, baada ya mpaka wa Somalia, kimesimuliwa mara chache mno, ilhali karo za shule na nyumba za mawe za Laare na Maua zilitegemea marubani waliovuka huko.

Serikali ya Siad Barre ilikuwa imepiga miraa marufuku mwaka 1983. Ilipoanguka Januari 1991, marufuku yake ilikufa nayo, na soko la Mogadishu likafunguka kwa upana ambao wakulima wa milima ya Nyambene, inakolimwa miraa hiyo, hawakuwahi kuuona. Lakini dola iliyoanguka ilikuwa pia na minara, mitambo na waongoza ndege. Rubani aliyeiita Mogadishu hakuwa na uhakika tena wa kujibiwa.

Kwingineko duniani, kupoteza mawasiliano ya redio ni hitilafu ya ndege moja, na utaratibu wake unajulikana. Rubani huweka namba 7600 kwenye kifaa kinachoitambulisha ndege yake kwenye rada, naye mwongozaji akiiona huelewa mara moja kwamba aliye juu hasikiki. Rubani hufuata njia aliyoiandikisha kabla ya kuruka. Akikaribia uwanja huutazama mnara: taa ya kijani isiyomweka inamruhusu kutua, nyekundu isiyomweka inamtaka azipishe ndege nyingine na aendelee kuzunguka. Utaratibu huo wote umejengwa juu ya jambo moja, kwamba chini kuna mtu anayetazama. Kusini mwa Somalia miaka ile, mara nyingi mtu huyo hakuwepo.

Marubani walilazimika kuongozana wenyewe. Upo utaratibu unaotumika katika maeneo ya Afrika yenye huduma dhaifu: dakika 10 kabla ya kuingia eneo hilo, rubani hufungua redio kwenye masafa ya megahezi 126.9 na kusikiliza. Kisha hutangaza jina la ndege yake, kimo, njia anayopita na muda anaotarajia kufika kituo kinachofuata. Hamsemeshi mtu mahususi. Anayesikia na kuona kwamba njia zao zitakutana hujitokeza, wakapatana nani apande na nani ashuke. Masafa hayo yana mpaka wake, kwa sababu mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, na ndege iliyo chini huzibwa na mviringo wa dunia. Kwa umbali mkubwa ilibaki redio ya mawimbi mafupi, ambayo mawimbi yake huruka hadi tabaka za juu za anga na kurudi, yakija na mikwaruzo mingi.

Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la usafiri wa anga, uliunda mamlaka ya muda ya kuisimamia anga ya Somalia. Ofisi yake ilikuwa Nairobi. Rubani akiita, sauti iliyomjibu ilitoka jiji lilelile alilotoka. Ilimpa taarifa za safari, lakini kazi ya kuzitenganisha ndege ilibaki mikononi mwa marubani. Uwanja mkuu wa Mogadishu ulifungwa 1995 na haukufunguliwa hadi Julai 2006. Katikati hapo ndege za miraa zilitua kwenye viwanja vya udongo kama K50, kinachoitwa hivyo kwa sababu kiko kilomita 50 kutoka mjini.

Uholanzi ilipofunga soko lake 2013 na Uingereza Juni 2014, Laare ilizidi kuitegemea Mogadishu, na hivyo kuitegemea anga hiyo. Wiki moja tu baada ya marufuku ya Uingereza, tarehe 2 Julai 2014, Fokker 50 iliyobeba miraa ilianguka Utawala, dakika chache baada ya kuruka kutoka Nairobi, na wote 4 waliokuwemo wakafa. Redio haikuhusika hapo, lakini wafu hao ni wa biashara hiihii.

Madhara ya ukimya yalidhihirika tarehe 4 Mei 2020. Ndege ya Kenya iliyobeba vifaa vya tiba wakati wa korona ilikuwa ikikaribia Bardale, uwanja mdogo wa ndani ya Somalia, ilipodunguliwa. Watu 6 waliuawa. Ethiopia ilikiri kwamba askari wake ndio waliofyatua, ikieleza kuwa hawakuwa na habari ya safari hiyo na walidhani ndege inakuja kuwashambulia. Neno moja la redio kwa walioko chini lingeweza kuwaokoa watu hao.

Wakati huo miraa ilikuwa imezuiwa kuingia Somalia tangu Machi, na ikaendelea kuzuiwa hadi Julai 2022. Usimamizi wa anga ulirudi Mogadishu rasmi mwishoni mwa 2017, na Januari 2023 Wasomali wenyewe wakaanza tena kuziongoza na kuzitenganisha ndege zinazopita juu ya nchi yao, baada ya miaka zaidi ya 30.

Baadhi ya marubani, wapakiaji na mawakala wa miaka ya 90 wangali hai, Wilson, Eastleigh na Maua. Vyama vya wakulima wa miraa na Kaunti ya Meru vina uwezo wa kuwaketisha na kurekodi wanayoyajua, pamoja na majina ya waliokufa. Kazi hiyo ianze sasa.