Herufi Zilizoshiba

Bango la kwanza nililolipwa kulichora lilikuwa la mama muuza maandazi, Tanga. Mwandiko wangu ulikuwa bado mchanga, nikaiga maandishi ya kava la santuri: Pet Sounds ya The Beach Boys, ya mwaka 1966. Mzee aliyenifundisha kushika brashi alilitazama bango, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwanangu," akasema, "herufi hizi zimeshiba."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua jina la herufi hizo, Cooper Black, na kwamba aliyezibuni alikuwa fundi wa mkono kama sisi.

Oswald Bruce Cooper alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1879, akakulia Kansas, kisha akaenda Chicago kusoma katika shule ya uchoraji ya Frank Holme. Huko mwalimu wake wa herufi alikuwa Frederic Goudy. Mwaka 1904 Cooper na Fred Bertsch walifungua kampuni yao ya matangazo: Bertsch akitafuta wateja, Cooper akichora maneno kwa mkono.

Mkono huo ndio uliokivutia kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler, kilichosubu herufi za risasi hapo hapo Chicago. Mwaka 1919 kikatoa Cooper Old Style, na mwaka 1922 ikafuata ndugu yake mnene, Cooper Black.

Itazame kwa jicho la fundi. Haina ncha kali popote. Miguu yake imevimba kama nyayo za mtoto, na tundu la herufi o limelalia nyuma kidogo, kama mtu aliyeegemea kiti baada ya kula. Uvivu huo una faida. Herufi yenye pembe kali huumbuka wino ukisambaa kwenye karatasi duni. Hii pembe zake zimekwisha lainishwa, kwa hiyo wino ukizidi hauiharibii sura.

Wapo wachapaji waliochukia weusi wake wote ule. Wenye matangazo waliupenda, na kiasi gani, utakijua kwa jambo moja: mwaka 1925 Goudy, yule yule mwalimu wake, aliichorea kampuni ya Lanston Monotype chapa nene ya kushindana nayo. Mwanafunzi alikuwa amemtangulia mwalimu njiani.

Cooper alifariki mwaka 1940. Miaka ya 1960 na 1970 herufi zake zikarudi kwa kishindo, kwenye makava ya santuri na vifua vya fulana. Mwaka 1995 shirika la ndege la easyJet la Uingereza lilianza safari zake likiwa na jina lililoandikwa kwa herufi hizo hizo.

Mimi naamini zimedumu kwa sababu risasi haikuufuta mkono uliozichora. Ndiyo maana brashi yangu ilizifuata bila kulazimishwa. Tena Kiswahili kinazifaa mno, kwani maneno yetu yamejaa irabu, na a, e na o ndizo zenye matumbo. Siku ile niliandika MAANDAZI kwa herufi kubwa, kama nilivyozoea. Mzee akanifutisha, akaniambia niandike kwa herufi ndogo. Nilipomaliza, zile a tatu zilikuwa zimeumuka ubaoni kama zimetoka kwenye karai sasa hivi.