Gharama za Wakili katika Mashauri ya Hakimiliki ya Vitabu vya Kiada: Shauri la Kirtsaeng na Desturi ya Tanzania

Supap Kirtsaeng, mwanafunzi Mthailandi nchini Marekani, aliuza huko vitabu vya kiada vya kampuni ya Wiley vilivyonunuliwa kwa bei nafuu kwao. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, majaji 6 kwa 3. Aliomba Wiley imlipie ada ya mawakili, zaidi ya dola milioni 2. Mahakama ya chini ikakataa. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilielekeza kwamba uhalali wa hoja za aliyeshindwa upewe uzito mkubwa, ila mazingira mengine yasipuuzwe, ikalirudisha suala chini. Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai humtaka hakimu anayemnyima mshindi gharama aandike sababu. Muuza vitabu wa Mabwerebwere akishtakiwa, angeanzia hapo, pazuri zaidi kuliko alipoanzia Kirtsaeng.