Mbegu na Shamba: Habari za Mwanzo wa Mtoto

Uko mfano ambao sote tumeusikia barazani, nao ni huu: mume ni mpanzi, mke ni shamba. Maneno haya huonekana mepesi, lakini yana madhara makubwa. Maana mke asipopata mtoto, watu husema, "Shamba ni bovu"; na akizaa mabinti watupu, hulaumiwa vile vile. Tumeona nyumba zilizovunjika kwa neno hilo, na wake waliorudishwa kwao, wala hapana mtu hata mmoja aliyeuliza habari za mbegu. Kwa hiyo twataka kuwaeleza jinsi wataalamu walivyotafuta kwa muda wa miaka zaidi ya elfu mbili wapate kujua asili ya mtoto. Nanyi mtapima wenyewe kama mfano ule ni wa kweli.

Mfano huo si wetu peke yetu. Katika nchi ya Uyunani aliishi Aristotle (384–322 kabla ya Kristo), mtu mwenye elimu nyingi. Yeye alivunja mayai ya kuku siku baada ya siku ili atazame jinsi kifaranga akuavyo, na kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini juu ya wanadamu alifundisha ya kwamba baba ndiye atoaye umbo na uhai, na mama hutoa damu tu, iliyo kama mti mikononi mwa seremala. Baadaye Galen, mganga mashuhuri wa zamani za Warumi, alisema kwamba mama naye ana mbegu, ila mbegu yake ni dhaifu. Maneno ya hao wawili yalifuatwa vyuoni karne nyingi, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweza kuyaona mambo hayo kwa macho.

Hata katika karne ya 17 watu wakaanza kutazama wenyewe badala ya kurithi maneno. William Harvey, mganga wa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, aliwapasua ayala majike waliowindwa na mfalme. Alitazama matumbo yao ya uzazi baada ya majira ya kupandana, asione mbegu wala yai. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1651, alifundisha ya kuwa kila mnyama hutoka katika yai. Alikisia vema, lakini yai lenyewe hakuliona.

Kisha katika mji mmoja wa Uholanzi, jina lake Delft, walitokea watu wawili. Wa kwanza ni Regnier de Graaf, mganga kijana. Yeye alipasua sungura, na mwaka 1672 akaeleza ya kwamba majike wana vifuko viwili karibu na tumbo la uzazi, vyenye malengelenge madogo yaliyojaa maji, na kwamba mayai hutoka humo. Wa pili ni Antonie van Leeuwenhoek, mwuza nguo asiyesoma chuo kikuu, ambaye alisugua vioo vidogo vya kukuzia kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1677 mwanafunzi mmoja alimletea maji ya uzazi ya mwanamume. Alipoyatazama kwa kioo chake, aliona ndani yake viumbe vidogo sana wenye mikia, wakiogelea maelfu kwa maelfu. Akawaandikia wataalamu wa Royal Society mjini London, akiwahakikishia kwamba maji aliyoyapima baadaye yalitoka katika ndoa yake mwenyewe, pasipo dhambi. Akawaomba wasiitangaze habari ile kama wakiona inachukiza.

Basi hapo ugomvi ukazuka. Wako waliosema, "Mtoto mzima amekwisha kuwamo ndani ya yai, mbegu ya baba humwamsha tu." Wengine wakajibu, "Sivyo, yumo ndani ya mbegu. Mama humlea tu." Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichora hata picha ya mtu mdogo aliyekunja miguu, ameketi ndani ya kichwa cha mbegu, jinsi alivyodhani angeonekana. Tazameni: kila upande ulimpa mzazi mmoja mtoto wote, na mwenziwe ukamfanya mtumishi.

Padre mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, ndiye aliyeanza kufungua fundo hilo, zamani za miaka ya 1770. Aliwashonea vyura madume suruali ndogo, kisha akawaacha na majike yao. Mayai yakaoza. Lakini alipochukua matone yaliyobaki ndani ya suruali na kuyapaka mayai mengine, mayai yale yakatoa viluwiluwi. Hivyo ikathibitika ya kuwa yai peke yake halitoshi, sharti liguswe na maji ya dume. Mwaka 1824 Prévost na Dumas waliyachuja maji hayo, wakaona kwamba yakiondolewa mbegu hayana nguvu tena. Na mwaka 1827 Karl Ernst von Baer, alipokuwa akimpasua mbwa jike, akaliona yai lenyewe ndani ya lengelenge lile la de Graaf, nalo ni dogo kama chembe ya vumbi.

Yai limeonekana, na mbegu imeonekana. Lakini vikutanapo vyafanya nini? Jawabu lilipatikana baharini. Mwaka 1875 Mjerumani Oscar Hertwig alichukua mayai ya mnyama yule mdogo wa baharini mwenye miiba, amwumizaye mvuvi akimkanyaga, kwa sababu mayai yake ni maangavu kama kioo. Karibu kila chembe ya mwili ina kiini chake (hatusemi kile cha manjano cha yai la kuku). Hertwig aliona viini viwili ndani ya yai, kimoja cha yai na kimoja cha mbegu, vikisogeleana hata vikawa kimoja. Kisha mwaka 1883 Edouard van Beneden, Mbelgiji, alitazama mayai ya mchango wa farasi, akahesabu nyuzi zilizomo ndani ya viini, ambazo sasa huitwa kromosomu. Baba alileta nyuzi mbili, na mama nyuzi mbili. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Kwa wanadamu ni vivyo hivyo. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walitangaza ya kuwa mtu kwa kawaida ana kromosomu 46. Kama yai na mbegu vingekuja na zote 46, hesabu ingeongezeka maradufu kwa kila kizazi. Kwa hiyo vinapotengenezwa, nyuzi hupunguzwa nusu: 23 katika yai, 23 katika mbegu. Mbegu za mwanamume huanza kufanyizwa abalehepo, na huendelea mpaka uzeeni. Kila moja huchukua miezi miwili na zaidi kukomaa. Lakini mayai ya mwanamke huanza kuumbwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni. Msichana huzaliwa na mayai kama milioni moja au mbili, na katika maisha yake yatakayokomaa na kutoka ni kama 400 tu. Basi yai ulilotoka wewe usomaye lilianza kuumbwa mama yako alipokuwa tumboni mwa bibi yako.

Yai likomaapo hutoka katika kifuko chake na kuingia katika mrija uendao kwenye tumbo la uzazi. Huweza kungoja kama siku moja tu. Mbegu huanza safari mamilioni kwa mamilioni, lakini zifikazo karibu ni mia chache, na iingiayo ni moja. Mara hiyo ganda la yai hubadilika, zisiingie nyingine. Ndipo viini huungana, 23 na 23, na mtu mpya ameanza. Tena yai ndilo limpalo chakula cha siku zake za kwanza.

Na habari ya mabinti je? Mwaka 1905 Nettie Stevens, mwanamke wa Marekani, alipochunguza mbegu za dudu wa unga, aliona ya kuwa ziko za namna mbili, na kwamba tofauti hiyo ndiyo iletayo dume au jike. Kwa wanadamu yai huleta sikuzote uzi uitwao X. Mbegu ikileta X, mtoto ni wa kike. Ikileta Y, ni wa kiume. Basi amlaumuye mkewe kwa kuzaa binti humdai deni lisilo lake. Wala baba naye halaumiwi, kwa maana hachagui.

Ndugu zetu, mfano wa shamba umevunjika. Mama si udongo uliopokea mbegu ya mwingine. Naye ametoa mbegu, sawa na baba. Na mtoto asipopatikana, kasoro yaweza kuwa kwa mke, au kwa mume, au kwa wote wawili; kwa mfano kisonono kisichotibiwa huweza kuziba mirija ya mke na ya mume pia. Kwa hiyo waende hospitali wote wawili, siku moja, wapimwe pamoja, kabla maneno ya watu hayajaingia nyumbani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mzazi mmoja haleti mtoto. Basi kwa haki gani lawama yote itwikwe mmoja?