Miduara ya Mfangano haikupata kuuzwa dukani

Japani ya karne ya 19 ilimwezesha mkazi wa kawaida wa Edo, Tokyo ya leo, kununua mandhari na kwenda nayo nyumbani. Utagawa Hiroshige alichora vituo vya barabara ya Tokaido katika miaka ya 1830. Fundi akachonga mistari yake kwenye ubao wa mcheri, mwingine akapaka rangi na kugandamiza karatasi, mchapishaji akauza. Kila rangi ilidai ubao wake. Mahekalu, milima na mvua ya jioni vikasambaa kwa nakala nyingi.

Picha za mahali patakatifu zilizoko Kaunti ya Homa Bay, Kenya, zilishika njia nyingine. Ziko kisiwani Mfangano, mwendo wa boti kutoka Mbita, katika pango la Mawanga na kwenye mwamba wa Kwitone ulio juu zaidi. Aliyetaka kuziona alizifuata zilipo. Ni miduara ndani ya miduara, mizingo kama ya ganda la konokono, mingine ikiwa na miale, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Ukitarajia twiga na wawindaji kama wa Kondoa, Tanzania, utarudi mikono mitupu. Watafiti wengi wanaihusisha miduara hii na Watwa, wawindaji walioishi kandokando ya Ziwa Viktoria kabla ya wakulima na wafugaji. Miduara ya namna hiyo iko pia Nyero, Uganda, na Kakapel, Busia.

Abasuba walifika kisiwani baadaye, wengi wao wakitokea upande wa Uganda ya leo. Hawakuichora michoro hii, wala hawakuifuta. Waliomba mvua papo hapo, na simulizi zao huiona nyekundu kama jua, nyeupe kama mwezi. Kwangu mimi, utamu wa historia hii uko hapo: watu kurithi madhabahu ya wageni wasiowajua, wakayapa kazi. Heshima hiyo ililinda mwamba kuliko seng'enge.

Migori nako kuna mfano wa urithi kama huo. Kuta za Thimlich Ohinga, mawe matupu yaliyopangwa bila udongo wa kuyashika, zilihamwa na jamii moja, nyingine ikaingia na kuzikarabati. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mfangano haijafika huko, ingawa ina Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba.

Nakala nazo zimekuja, kwa kuchelewa. TARA, shirika la sanaa ya miambani lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na mpigapicha David Coulson, limepiga picha Mfangano na kwingineko barani. British Museum ilianza mwaka 2013 kuorodhesha takriban picha 25,000 za mkusanyo wa shirika hilo. Kwa hiyo mtu wa London anaweza kuitazama miduara hii bila kupanda boti. Akiamua kuvuka ziwa, aanze asubuhi, maana jua la saa saba kwenye mteremko wa Kwitone halina huruma na mgeni.