Ukingo Ukishagongwa



Majuzi nilipanda basi kwenda Iringa kwenye msiba. Tulipoanza kupanda Kitonga abiria walinyamaza, kama ilivyo ada, na konda naye akapunguza muziki bila ya kuambiwa na mtu. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo, na katikati malori ya shehena yanapishana yakihema kwa shida. Kwenye kona moja basi letu lilisimama kupisha lori, nami nikapata nafasi ya kuutazama ukingo wa chuma uliokuwa chini ya dirisha langu. Ulikuwa umepinda kuelekea bondeni, nguzo zake mbili zimelala chini, na msamaria mwema mmoja alikuwa ameweka matawi ya miti kuwa alama.

Jirani yangu wa kiti, mzee mwenye kofia ya pama, akaunyooshea kidole. "Hapo pana mtu alipona," akasema.

Nikamwitikia, "Mungu mkubwa, mzee wangu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Huyo wa kwanza alipona. Huyo wa pili sijui atazuiwa na nini."

Basi likaondoka. Msiba tulizika, matanga tukaanua, nikarudi Dar es Salaam, lakini maneno ya yule mzee nimerudi nayo kama mzigo wa mkononi. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya vile vyuma vya pembeni mwa barabara, ambavyo kila msafiri huviona na karibu hakuna anayevitazama.

Kwanza nikumbushe kwamba njia ile iliwahi kupitwa bila ya chuma chochote cha maana. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa bandia, Zambia ilibanwa kwa upande wa kusini na mafuta yake yakalazimika kupita kwetu kwa malori. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi. Magari mengi yalipotelea mabondeni hata wageni wakaibatiza barabara ile jina la Njia ya Jehanamu. Lami ilikuja baadaye, kwa msaada wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Madereva wa zama zile walilindwa na breki zao na dua za mama zao.

Sasa huu ukingo wenyewe ni kitu gani? Wengi wetu tunadhani ni ukuta. La hasha. Ule wa aina ya Kimarekani, ambao umeigwa karibu dunia nzima, unene wake haufiki milimita 3. Ukiukata na kuutazama kwa ubavu utaona herufi W, na mikunjo ile ndiyo inayoupa nguvu, kama vile bati la nyumba linavyopata nguvu kwa migongo yake. Kati ya chuma na nguzo huwekwa kipande cha gogo ili gurudumu lisije likanasa kwenye nguzo. Gari linapougonga, nguzo hukubali kulala, chuma hunyooka na kuvutika kama kamba ya kuanikia iliyotwikwa blanketi lililolowa, na gari hurudishwa kuelekea barabarani badala ya kusimamishwa ghafla. Mwenye gari anatoka na mbavu zinazouma, lakini anatoka.

Kwa hiyo kupinda si ubovu wa ukingo. Kupinda ndiyo kazi yake. Lakini ukishapinda hivyo kazi imekwisha, kama njiti ya kiberiti isivyoweza kuwashwa mara mbili. Na kwa kuwa unafanya kazi kama kamba, kipande kimoja kikikosekana, au bolti zikalegea, hata vipande vizima vya jirani vinabaki kuwa pambo.

Habari za bolti zina kisa chake. Mimi si mtu wa mbio za magari. Yangu yaliishia kwenye Safari Rally, tuliyokuwa tukiifuatilia redioni kila Pasaka. Lakini sijui mahali pengine ambapo bolti za ukingo ziligombaniwa kama katika mlima wa Montjuïc, mjini Barcelona, Aprili 1975.

Miezi sita kabla ya hapo, Oktoba 1974, kijana wa Austria aitwaye Helmuth Koinigg aliingia kwenye ukingo wa uwanja wa Watkins Glen, Marekani. Kipande cha chini cha ukingo hakikuwa kimefungwa sawasawa. Kikaachia, gari likapenya chini ya kipande cha juu, na kijana akafa palepale. Basi madereva wenzake walipofika Barcelona, wala hawakuanza kwa kuitazama lami. Walikwenda kutazama bolti. Wakakuta nyingine zinazunguka kwa vidole na nyingine hazipo kabisa. Wakagoma.

Waandaaji walihamaki. Magari yalikuwa yameegeshwa ndani ya uwanja wa michezo, na timu zikatishiwa kwamba zikikataa kushindana, polisi watayazuia magari hayo. Ndipo mafundi waliokuja kushughulikia injini waliposhika spana, wakashuka barabarani na kuanza kukaza kingo. Ken Tyrrell, mwenye timu yake, mtu mzima na heshima zake, naye alionekana na spana mkononi. Emerson Fittipaldi wa Brazil, bingwa wa dunia wakati ule, hakuridhika. Alizunguka mizunguko michache polepole ili kutimiza sharti, kisha akaenda zake kwao.

Mbio zikafanyika tarehe 27. Katika mzunguko wa 26, gari la Mjerumani Rolf Stommelen, aliyekuwa akiongoza, lilivunjika bawa la nyuma, likagonga, likaruka juu ya ukingo. Watu wasiopungua wanne waliuawa, na mbio zile kubwa hazikurudi tena Montjuïc. Sitasema kwamba bolti ndizo zilizoua, maana gari liliruka juu ya chuma. Lakini kila nikikisoma kisa hiki namfikiria yule fundi wa injini, amepiga magoti usiku kando ya barabara ya watu, anafanya kazi ambayo mtu mwingine alikwisha kulipwa kuifanya.

Tuje kwenye ncha. Kila kamba ina pale inapoanzia. Kingo za zamani zilianza ghafla tu, ncha wazi ikimtazama dereva, na gari lililoiparamia lilichomwa kama nyama ya mshikaki. Chuma kiliingilia kwenye injini kikatokea kwenye viti. Wahandisi wa Marekani wakasema, basi tuilaze ncha, tuifukie ardhini. Huko Texas mtindo huo ulitumika sana hata ukaitwa msokoto wa Texas. Kumbe walikuwa wamelijengea gari kilima cha kurukia. Lililofika pale lilipanda juu ya chuma, likapaa na kubiringika. Dawa ikawa ugonjwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walibuni kichwa cha chuma cha kuvishwa ile ncha. Gari likikigonga, kichwa kinasukumwa nyuma kikiufuata ukingo, ukingo unapita ndani yake, unabanwa ukawa bapa na kutemewa pembeni, mbali na abiria. Aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya juisi ya miwa amekwisha kuelewa: muwa unaingia mnene, unatoka bapa upande wa pili. Kwangu mimi ni moja kati ya akili safi kabisa zilizopata kutumika kando ya barabara.

Halafu ikaja inchi moja. Mwaka 2005 kampuni iliyokuwa ikitengeneza vichwa hivyo, Trinity Industries, ilipunguza upana wa mfereji unaopokea chuma kutoka inchi 5 hadi inchi 4. Barua ya ndani ya kampuni ilikadiria kwamba badiliko hilo lingeokoa dola 2 kwa kila kichwa. Serikali ya nchi ile haikuarifiwa mpaka mwaka 2012, baada ya mshindani katika biashara hiyo, Joshua Harman, kuanza kupiga kelele. Oktoba 2014 baraza la mahakama la Marshall, Texas, liliona kwamba serikali ilidanganywa, na mwaka uliofuata hukumu ikafikia dola milioni 663. Majimbo mengi yakasimamisha ununuzi wa vichwa vile. Kampuni ilishikilia kwamba bidhaa yake ni salama, na majaribio yaliyosimamiwa na serikali baada ya kesi yakasema vichwa vimefaulu. Septemba 2017 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu nzima, kwa hoja kwamba serikali ilijua habari zote na bado ikaendelea kulipa, hivyo haiwezi kuitwa iliyodanganywa.

Mimi si hakimu, na waliobobea katika sheria wamekwisha sema lao. Kilichonikaa kichwani ni zile dola 2.

Huko huko Marekani, jimbo la Tennessee, gari moja lilichomwa na ncha ya muundo mwingine mwaka 2016 na msichana aliyekuwa akiliendesha akafa. Miezi michache baadaye nyumbani kwao ikafika ankara ya dola 2,970, gharama ya kubadilisha ukingo ulioharibika. Ilikuwa imeandikwa jina la marehemu. Jimbo lilikiri kwamba ankara ile ilitumwa kimakosa, na ncha za muundo ule ikaamuliwa ziondolewe kwenye barabara za kasi. Ni ukatili, hata kama haukukusudiwa. Walakini niliposoma habari ile nilijikuta nikiwaza jambo lisilo la kiungwana. Niliwaza kwamba mahali pale, angalau, ukingo uliogongwa una faili. Kuna karani anayejua kona gani, nguzo ngapi, bei gani. Kuna lori linalokuja na chuma kipya. Nikaikumbuka ile kona ya Kitonga na matawi yake.

Tena kwetu huku ukingo una adui mwingine asiyeendesha gari. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo kwa macho. Januari 2022 nguzo kubwa za umeme zilianguka na nchi karibu nzima ikaingia gizani. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, marufuku iliyokuja kuondolewa mwaka huo huo. Waliokuwa wakilalamikiwa hawakuwa wezi wa nguzo za umeme peke yake. Vibao vya barabarani na vyuma vya kingo navyo huishia kwenye mizani ile ile, kwa kilo, bila ya muuzaji kuulizwa ametoka wapi.

Ni rahisi kumlaani mwizi wa skrepa kutoka kwenye kipaza sauti. Mimi mwenyewe leo nina la kukiri.

Kijijini kwetu, si mbali sana na barabara kuu, mjomba wangu ana ng'ombe. Hori analowanyweshea maji nimeliona kwa miaka mingi, nimewahi hata kulijaza kwa ndoo, bila ya kulifikiria. Ni refu, la chuma, lina mifereji miwili, na miisho yake imezibwa kwa saruji. Mwaka juzi tu, nikiwa nimesimama pale asubuhi, ndipo macho yangu yalipofunguka. Nililitazama kwa ubavu nikaiona W. Matundu ya bolti, manane kila mwisho, yamezibwa kwa vipande vya kandambili, na yote ni mazima, mviringo safi. Chuma kilichong'olewa na gari huchanika kwenye matundu. Hiki kilifunguliwa kwa spana.

Nikamwuliza amekitoa wapi. Akasema alikiokota bondeni, na kwamba wakati huo kilikuwa kimelala kwenye majani kwa muda mrefu, hakina mwenyewe. Pengine ndivyo. Sikumwuliza kuhusu matundu, maana ni mkubwa wangu, na maziwa ya ng'ombe wale ndiyo yaliyonisomesha.

Safari hii, nikitokea Iringa, nilipitia kwake. Nikamsimulia habari za yule mzee wa kwenye basi, na za mtu wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimkamua ng'ombe wake. Kisha akasema, "Mjomba, ng'ombe lazima wanywe. Niletee mifuko miwili ya saruji nijenge hori, na hicho chuma nitakibeba mwenyewe mpaka barabarani."

Kona kilikotoka haijui. Na hiyo mifuko miwili, ndugu msikilizaji, mpaka ninapozungumza nawe sijaipeleka.