Mkate wa Babu na Historia Isiyoandikwa

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba nizungumzie mtu ambaye jina lake hulikuti katika kitabu chochote cha historia ya nchi yetu. Hakuwa waziri, hakupigana vita, wala hakuongoza mgomo. Alikuwa mwoka mikate hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka arobaini, na alikuwa babu yangu, mzaa mama. Alifariki dunia mwaka 1996. Simkumbuki leo kwa sababu ya damu tu. Namkumbuka kwa kuwa kila ninaposoma habari za Azimio, za vita na za soko huria, naona mambo hayo yote yalipita katika mikono yake iliyojaa unga.

Babu alitoka Rufiji akiwa kijana, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kazi yake ya kwanza mjini ilikuwa kupasua kuni za tanuri la tajiri mmoja. Baadaye akapewa kukanda, na mwisho akakabidhiwa tanuri lenyewe. Kazi ilikuwa ya usiku. Unga ukishakandwa na kutiwa hamira huachwa uumuke, na wakati huo tanuri linakolezwa moto. Kipimajoto hakikuwapo. Babu alirusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri. Ukiungua papo hapo alisubiri, ukigeuka rangi ya karanga iliyokaangwa aliingiza mikate. Alfajiri vijana wa baiskeli walipakia masanduku ya mbao wakaelekea Kariakoo, Ilala na Magomeni, na wafanyakazi wa mji huu wakapata cha kunywea chai.

Likaja Azimio la Arusha, Februari 5, 1967. Viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa, na likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Nia ilikuwa njema, nani angepinga mfanyakazi kupata unga na mkate kwa bei nafuu? Lakini katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, ukaletwa Dar es Salaam mpango wa kiwanda cha mikate cha mitambo inayojiendesha yenyewe. Mchumi Andrew Coulson aliandika wakati ule ule akiukosoa. Hoja yake ilikuwa kwamba matanuri madogo yangeweza kuoka mikate hiyo kwa mtaji mdogo zaidi, na yangeajiri watu wengi zaidi. Babu hakumsoma Coulson. Yeye alisema tu, "Mashine haina pua." Alikuwa na maana kwamba mkate ukiiva unanukia, na mwokaji anajua. Kumbe wote wawili walikuwa wanasema jambo moja.

Ngano nayo ilikuwa na safari yake. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada huo huo wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang. Nchi ilitaka kujitosheleza, na matrekta yakalima maelfu ya ekari. Hata hivyo, nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji waliokuwapo kabla ya trekta la kwanza kufika. Walipoteza ardhi, na baadhi yao wakaenda mahakamani kuidai. Sisi wa mjini tulipopaka siagi kwenye slesi hatukujua kwamba ilikuwa na ng'ombe wa mtu ndani yake.

Kisha hali ikawa ngumu. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita tulishinda, lakini hazina ilibaki tupu. Fedha za kigeni zikakosekana, na pasipo fedha za kigeni hakuna vipuri, hakuna ngano ya kujazia. Mimi nilizaliwa mwaka ule wa 1977, na kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni foleni. Watu waliweka mawe kushika nafasi, wakarudi nyumbani kulala kidogo, kisha wakaja kusimama nyuma ya mawe yao.

Na hapa, msikilizaji, ndipo penye neno linalonisumbua. Nyumbani kwetu Ilala mkate haukukosekana. Kila mfanyakazi wa kiwanda alichofanyia kazi Babu alikuwa na haki ya mkate mmoja kwa siku. Babu alirudi na miwili, wa pili ukiwa ndani ya koti. Siku nyingine alirudi na unga kidogo katika kopo. Alinipa kipande cha ukoko akaniambia, "Kula, mume mwenzangu, usije ukanishindwa kwa bibi yako." Nami nilikula nimekaa kizingitini, mtoto wa jirani akinitazama. Mama yake alikuwa ametoka kwenye foleni mikono mitupu.

Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, hofu iliingia kila nyumba. Tulisikia watu wanatupa bidhaa baharini na vyooni. Babu hakuwa mlanguzi, hakuuza hata slesi moja kwa mlango wa nyuma. Lakini alikuwa na unga wa kiwanda ndani ya nyumba, na hakuwa na jibu kama mjumbe wa nyumba kumi angeuliza umetoka wapi. Usiku akachimba shimo uani akaufukia. Mvua zilipomalizika akaufukua, umeoza na umejaa wadudu. Mzee ambaye hakuwahi kuacha hata punje sakafuni alisimama pale akitazama. Nilikuwa na miaka sita, na sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akilia.

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara, na baada ya Novemba 1985, wakati wa Mzee Mwinyi, bidhaa zikarudi madukani. Babu akastaafu. Akatengeneza tanuri la pipa uani, akawa anaoka skonzi na mikate michache ya kuuza. Mkate wa kwanza kutoka tanurini, kila Ijumaa, aliutuma kwa yule jirani, na mimi ndiye niliyeupeleka. Nilidhani ni ujirani mwema tu. Bibi ndiye aliyenieleza, baada ya mazishi, kwamba Babu alikuwa analipa. Jirani hakuwahi kuambiwa analipwa nini. Wala mimi sijui kama mkate wa 1987 unaweza kulipa mkate wa 1983, uliohitajika asubuhi ile na haukuwapo.

Nasema haya si kwa kumwaibisha marehemu. Nasema kwa sababu tunapozungumzia miaka ile huwa tunawagawa watu makundi mawili: walanguzi kwa upande huu na wananchi kwa upande ule. Babu alikuwa wapi? Alilisha mji kwa miaka arobaini, akawanyima wenzake mkate mmoja kila siku ili wajukuu wake wale. Uhaba haukumuuliza mtu kama ni mwema au mwovu; ulimpa mtihani ambao wengi wetu tungeshindwa, nami nilishiba kwa kushindwa kwake.

Leo mkate uko kila duka, na sehemu kubwa ya ngano yetu inatoka nje. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya unga wa ngano ilipanda hata kwa mama muuza maandazi wa Buguruni. Safari ya ngano bado ni ndefu, na bado inaishia mezani kwa mtu.

Kama una mzee nyumbani aliyeshika kazi ya mikono, mwoka mikate, fundi cherehani au kuli wa bandari, keti naye jioni hii umuulize. Usimuulize habari za sifa tu. Muulize pia alificha nini ndani ya koti, na alimfichia nani.

Hadi wiki ijayo, tukijaaliwa, kwaherini.